Mbuyu na Kuvumwani: Nani Mwenye Rekodi?

Anayetaka kuona mmea mnene kuliko yote inayoweka akiba ya maji mwilini hana haja ya kukata tiketi ya Mexico wala Arizona. Apande basi la Mombasa pale Nairobi, asinzie njiani akipenda, ila akifika Kibwezi awe macho. Kuanzia hapo mibuyu itamsindikiza, mmoja hapa, mitano kule, kupitia Mtito Andei na Voi hadi karibu na bahari. Mpinzani wake yuko nchi hiyo hiyo, lakini juu kabisa, kwenye mawe ya Mlima Kenya ambako hata nyasi zimekata tamaa. Ni gamba la manjano lenye ukijani, limegawanywa na mistari myeusi kama mipaka ya nchi kwenye ramani. Wapanda mlima hulikanyaga wakielekea kileleni. Jina lake la kitaalamu ni Rhizocarpon geographicum, na hapa tutaliita kuvumwani ya ramani.

Kuwapambanisha hawa wawili si mzaha kama inavyosikika. Wote wawili hutajwa kila mara watu wanapopanga orodha za viumbe wakongwe, wavumilivu na wasio na haraka. Tena wote wana kasoro moja ambayo waandishi wa orodha hizo huipitia juu juu: ukienda na kipimo, unakuta bingwa mwenyewe si mmoja. Nitarudi kwenye hilo.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu majina. Wapo wataalamu wa mimea wasiotaka mbuyu uwekwe kundi moja na shubiri, mkonge na dungusi, kwa kuwa majani yake si manene wala hayana utomvu. Mimi nauweka. Shina lake limevimba kwa ajili ya maji, mbao zake ni laini na nyepesi kupita kiasi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna hata jani moja. Kinachofanya kazi ni lile pipa. Kuvumwani kwa upande wake si mmea hata kidogo. Ni kuvu inayoishi pamoja na mwani: kuvu inatoa mwili na kushika jiwe, mwani unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Simon Schwendener, Mswisi, aliposema hivyo miaka ya 1860, wakubwa wa fani walimcheka. Leo aina zinazojulikana za kuvumwani hukaribia 20,000.

Unene na kimo

Hapa hakuna shindano, na nitapita haraka. Mbuyu wa Glencoe, karibu na Hoedspruit katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, ulikuwa na mzunguko wa mita 47 kabla haujapasuka mwaka 2009. Watu ishirini na watano wazima walioshikana mikono wasingeuzunguka kwa raha. Katika mkoa huo huo ulikuwepo mbuyu wa Sunland, maarufu kwa sababu wenyewe waliweka baa ndani ya shina lake mwaka 1993, na wageni wakawa wanakunywa bia ndani ya mti ulio hai. Huko Namibia, ule uitwao Holboom ulipimwa ukiwa na kimo cha mita 30.2 na mzunguko wa mita 35.1.

Dungusi wakubwa wa Mexico ni warefu pia. Aina iitwayo kardoni imewahi kufikia mita 19.2. Lakini dungusi ni nguzo. Kwa ujazo wa mwili hawaukaribii mbuyu.

Kuvumwani ya ramani haina kimo cha kutaja. Imebandikana na jiwe kiasi kwamba huwezi kuibandua bila kuondoka na vipande vya jiwe lenyewe. Upana wa kiganja kwake ni ukubwa wa kuheshimika.

Umri

Hii ndiyo medali inayogombaniwa kwelikweli, na ndiyo iliyosababisha maneno mengi zaidi.

Kwa karne mbili umri wa mbuyu ulikuwa jambo la kukisia. Michel Adanson, Mfaransa aliyeishi Senegal kati ya mwaka 1749 na 1754, aliona katika visiwa vya jirani na Dakar ya leo mibuyu yenye majina ya mabaharia wa Ulaya waliopita huko karne nyingi kabla yake. Akapima jinsi herufi zilivyozama ndani ya gome, akapiga hesabu kurudi nyuma, na akatoa jibu la zaidi ya miaka 5,000. Linnaeus aliupa mti huo jina la Adanson, na tangu hapo ukaitwa Adansonia digitata. Mmisionari David Livingstone alipofika kusini mwa Afrika katikati ya karne ya 19, hesabu hiyo ilimkera, kwani ingeufanya mti uwe mkongwe kuliko Gharika ya Nuhu. Alijaribu kuhesabu pete za shina ili kumpinga Adanson. Mmoja alitegemea majina yaliyochongwa, mwingine pete, na vyote viwili ni mashahidi wabaya. Pete za mbuyu hazieleweki vizuri, na katikati ya mti mkubwa mara nyingi hakuna mbao za kuhesabu: kuna uwazi.

Tarakimu tunazozitumia leo zimetoka kwa Adrian Patrut, mkemia wa Chuo Kikuu cha Babeș-Bolyai nchini Romania, na wenzake. Tangu mwaka 2005 walizunguka kusini mwa Afrika na kwingineko wakichukua vipande vidogo sana vya mbao kutoka ndani ya mashina na kwenye kuta za mapango ya mti, kisha kuvipima kwa kaboni 14. Mbuyu wa Panke wa Zimbabwe uliwapa jibu la takriban miaka 2,450. Huo ndio mti mkongwe kuliko yote unaotoa maua ambao umri wake umethibitishwa kwa kipimo hicho. Glencoe ulikuwa na kama miaka 1,800. Sunland, pamoja na unene wake wote na baa yake, ulikuwa na takriban miaka 1,060 tu. Kwa hiyo anayekwambia mbuyu wa kijijini kwao una miaka 3,000 kwa sababu ni mnene, msikilize kwa adabu, usibishane naye, lakini usiandike.

Miaka 2,450 ni mingi. Panke ulichipua kabla Bwana Yesu hajazaliwa, wakati Waajemi na Wagiriki wakipigana. Hata hivyo kuvumwani ya ramani inakuja na tarakimu inayoufanya mbuyu uonekane kijana: vielelezo vya huko Aktiki vimekadiriwa kuwa na miaka 8,600.

Neno la kuangalia hapo ni "vimekadiriwa". Kuvumwani haina pete. Haina mbao za kupima. Njia inayotumika iliasisiwa na Roland Beschel, Mwaustria, ambaye mwaka 1950 alichapisha kazi yake ya milima ya Alpi. Beschel alikwenda makaburini na kwenye majengo ya mawe, mahali ambapo tarehe imeandikwa, akapima kuvumwani kubwa kuliko zote juu ya kila jiwe. Kaburi la mwaka 1850 haliwezi kuwa na kuvumwani iliyoanza kabla ya 1850. Kwa kupima makaburi mengi ya miaka tofauti, unapata mstari unaoonyesha kuvumwani inapanuka kiasi gani kwa miaka mingapi. Baada ya hapo unaweza kwenda kwenye jiwe lisilo na tarehe, ukapima kuvumwani yake, na kusema jiwe hilo limekaa wazi tangu lini.

Njia hiyo imeleta faida kubwa. Mito ya barafu inaporudi nyuma huacha vifusi vya mawe vilivyosafishwa, na kuvumwani ndiyo mpangaji wa kwanza. Ukubwa wake unaeleza barafu iliondoka lini. Huko New Zealand na California imetumika hata kukadiria matetemeko ya ardhi ya zamani, kwa kupima kuvumwani zilizoota juu ya mawe yaliyoporomoka. Na hapa kwetu, katika miaka ya 1980, William Mahaney kutoka Kanada na mwenzake walichunguza ukuaji wa kundi hili la Rhizocarpon kwenye Mlima Kenya, ambako barafu imekuwa ikipungua na kuacha vifusi vya kila rika.

Lakini tazama udhaifu wake. Makaburi yenye tarehe yanakupeleka nyuma miaka mia tatu au nne, labda zaidi kidogo. Kufika 8,600 lazima uuvute mstari mbali sana kupita ushahidi ulionao, ukiamini kwamba kuvumwani ilikua kwa mwendo ule ule kwa maelfu ya miaka ya baridi, joto, theluji na ukame. Pengine ilikua hivyo. Adanson naye aliuvuta mstari wake kwa imani, na akakosea kwa mara mbili na zaidi.

Uamuzi wangu: kuvumwani inashinda kwa umri, kwa pointi. Kuvumwani ikipunguziwa nusu ya miaka yake bado inauzidi mbuyu wa Panke. Ila rekodi ya mbuyu imepimwa kwenye maabara, na ya kuvumwani imekisiwa kwa uangalifu, na mtu anayeziweka kwenye jedwali moja bila kusema hivyo anawadanganya wasomaji wake.

Mmoja au kundi?

Nilisema nitarudi hapa. Timu ya Patrut ilipopima vipande kutoka pande mbalimbali za mbuyu mmoja, walikutana na jambo la ajabu. Katika mti wa kawaida mbao za katikati ndizo kongwe, na ukienda nje zinakuwa changa. Katika mibuyu mingi mikubwa haikuwa hivyo. Ukuta wa pango la ndani ulionyesha umri mdogo kuliko mbao zilizo katikati ya unene wa ukuta wenyewe. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba mbuyu mnono sana kwa kawaida si shina moja. Ni mashina kadhaa yaliyochipua kwa kuzunguka mduara, yakanenepa, yakagusana, yakaungana. Uwazi uliopo katikati haukutobolewa na moto wala kuoza; ni nafasi ambayo haikuwahi kuwa na mbao. Baa ya Sunland, mapango wanamojificha watu, na yale ambayo wazee wetu wanasema ni makazi ya mashetani, mengi yake huenda ni nyua zilizozungushiwa ukuta wa mashina ndugu.

Kuvumwani nayo ni kundi tangu siku ya kwanza: kuvu na mwani. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walionyesha kwamba ndani ya kuvumwani nyingi kuna hata kuvu ya aina ya pili, chachu, iliyokuwa imejificha humo muda wote. Isitoshe, kuvumwani ya ramani huota kwa majirani wengi juu ya jiwe moja. Wakikutana, kila mmoja huweka ukingo wake mweusi, na hiyo ndiyo mistari inayofanya jiwe lionekane kama ramani ya bara lenye nchi nyingi. Ndiyo maana wapimaji hutafuta zile za mviringo safi, zinazosimama peke yake. Ile iliyopinda au yenye kona inaweza kuwa wawili walioungana, na ukiipima utazidisha umri maradufu.

Kwa hiyo vitabu vya rekodi vinampa medali "mti mmoja" na "kuvumwani moja", na wote wawili wanazipokea kwa niaba ya ushirika. Sioni kama hilo linawapunguzia heshima. Linaharibu tu jedwali.

Mwendo wa kukua

Hata mbuyu ulianza kama mchicha, tunaambiwa tangu utotoni, na ni kweli kabisa: mche wa mbuyu una majani ya kawaida yasiyogawanyika, shina jembamba, na mtu asiyeujua ataung'oa akipalilia. Ila mbuyu mchanga haukawii. Ukipata mvua na ukinusurika na mbuzi, miaka yake ya mwanzo ni ya kukimbia. Uzito wa mwendo unakuja baadaye.

Kwa uvivu, dungusi aina ya saguaro wa Arizona anaupita mbuyu mbali. Akifikisha miaka kumi anaweza kuwa na kimo cha sentimita 4 tu, na mkono wake wa kwanza huota akiwa na miaka 50 hadi 75, mara nyingine zaidi. Kwa mimea inayohifadhi maji, yeye ndiye namba moja kwa kutokuwa na haraka, ukiniuliza mimi.

Halafu inakuja kuvumwani ya ramani na kumfanya saguaro aonekane mwanariadha. Mahali pengi hupanuka chini ya milimita moja kwa mwaka, mara nyingi nusu ya hapo, na kwenye baridi kali ya Aktiki ni chini zaidi. Ukucha wako wa kidole cha mkono hukua zaidi kwa wiki moja kuliko kuvumwani hii kwa mwaka mzima. Tena haianzi mara moja. Jiwe likishaachwa wazi, miaka mingi hupita kabla doa la kwanza halijaonekana kwa macho. Kisha kinakuja kipindi cha ukuaji wa kasi, kama hiyo ni kasi, na baada yake mwendo hupungua tena. Cha kushangaza ni kwamba si kila penye baridi mwendo huwa wa polepole: kwenye kisiwa cha Livingston, karibu na Antaktika, kumepimwa mwendo mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu hewa ya huko ina unyevu. Kinachoiamulia mwendo ni saa ngapi kwa mwaka imelowa na ina mwanga kwa wakati mmoja.

Kiu

Hapa tabia zao zinapishana kabisa, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya shindano lote.

Mbuyu hushinda kiu kwa kuweka akiba. Watafiti waliopima mibuyu ya Madagaska, ambako ndiko ziliko aina sita kati ya nane duniani, walikuta maji yakifikia hadi asilimia 79 ya uzito wa mbao mbichi. Ukikata ubao wa mbuyu na kuuacha ukauke, unabaki na kitu kama sifongo. Tembo wanajua habari hii. Tarangire na Ruaha wakati wa kiangazi utakuta mashina yaliyochimbwa kwa pembe hadi ndani, tembo wakitafuna mbao ili wakamue unyevu. Mti huponya jeraha na kuendelea, mradi wasirudi kila mwaka. Huko Kordofan, magharibi mwa Sudan, watu walikwenda mbali zaidi: walichimba mashina makubwa na kuyageuza matangi, wakayajaza maji ya mvua, maelfu ya lita kwa mti mmoja, nayo yakawafikisha msimu mwingine.

Lakini watafiti wale wa Madagaska waligundua kitu kinachowavunja moyo wapenda hadithi. Mbuyu hauyatumii maji hayo ovyo wakati wa ukame mkali. Huyagusa hasa pale unapotaka kuchipua majani mapya mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijaanza. Mengi yanabaki pale pale, kwa sababu ndiyo yanayoushikilia mti usimame. Mbao laini namna ile bila maji zingejikunja. Akiba ya mbuyu, kwa maneno mengine, ni nguzo kwanza na chakula cha dharura baadaye.

Kuvumwani haina akiba yoyote. Haina mizizi, haina matundu ya kufunga, haina ngozi ya kuzuia maji yasitoke. Jua likipiga, inakauka hadi inakuwa kama unga mgumu, na maisha yanasimama. Haifi, inasimama tu. Umande ukishuka au ukungu ukipita, inanyonya, na ndani ya dakika chache mwani unaanza tena kutengeneza chakula. Inaweza kurudia hivyo kila siku kwa karne. Kwa mbuyu, kukauka ni kifo. Kwa kuvumwani, kukauka ni usingizi wa mchana.

Medali nampa nani? Akiba kubwa kuliko zote ni ya mbuyu. Uvumilivu wa kukosa kabisa ni wa kuvumwani. Anayetaka mshindi mmoja aende akaangalie mpira.

Safari ya angani

Tarehe 31 Mei 2005 roketi ilirushwa kutoka Baikonur ikiwa na chombo cha Foton-M2. Nje yake kulikuwa na kisanduku cha Shirika la Anga la Ulaya kinachoitwa Biopan-5, na ndani ya kisanduku vipande vya mawe kutoka milima ya Hispania, vikiwa na kuvumwani ya ramani na binamu yake wa rangi ya chungwa, Xanthoria elegans. Walipofika juu, kifuniko kikafunguliwa. Kwa siku 14.6 kuvumwani hizo zilikaa bila hewa, zikipigwa na miale ya jua isiyochujwa na chochote, huku joto likipanda na kushuka kila chombo kilipozunguka dunia. Chombo kilitua Kazakhstan tarehe 16 Juni. Leopoldo Sancho na wenzake wa Madrid walizilowesha, wakazipima, na katika muda wa saa 24 zilikuwa zikitengeneza chakula kama vile hazijatoka nyumbani.

Siri yake ni ule usingizi niliousema. Kuvumwani kavu haina maji ya kuganda wala ya kuchemka. Rangi yake ya manjano nayo ni kinga, kemikali iitwayo asidi ya rizokapiki inayochuja miale mikali. Xanthoria ilifanya makubwa zaidi baadaye: ilikaa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa mwaka mmoja na nusu, kuanzia Februari 2008 hadi Septemba 2009, na sehemu kubwa ya seli zake ikarudi hai.

Mbuyu haujawahi kurushwa angani.

Mezani na sokoni

Upande huu kuvumwani ya ramani inatoka mikono mitupu. Hailiki, haiuziki, haitii rangi ya maana. Binamu zake walikuwa na bahati tofauti: katika karne ya 19 kuvumwani za jamii ya Roccella, zinazoota kwenye miti na mawe ya pwani yetu, zilikusanywa na kusafirishwa kupitia Zanzibar kwenda Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau, mpaka rangi za viwandani zilipoua biashara hiyo. Karatasi ya litmasi, ile ya maabara ya shule inayogeuka nyekundu kwenye asidi, asili yake ni kuvumwani za jamii hiyo hiyo.

Mbuyu hauna cha kutupa. Majani ni mboga. Gome hutoa nyuzi za kamba, na likichunwa kwa uangalifu huota tena. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupigilia vigingi vya mti kwenye shina na kupanda hadi juu kufuata asali, na unga wa tunda ni chakula chao cha msingi katika miezi yake. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huo uuzwe kama chakula, na ghafla ukaonekana kwenye maduka ya London kwa bei ambayo mama wa Kisauni anayepika mabuyu angecheka hadi aketi. Ubuyu wa Zanzibar, wenye sukari, iliki, pilipili na rangi nyekundu inayobaki kwenye ulimi hadi jioni, bado ndiyo matumizi bora, na hapo sikubali ubishi.

Wanaokufa

Mwaka 2018 jarida la Nature Plants lilichapisha habari iliyoshtua. Timu ya Patrut ilirudi kuiangalia mibuyu iliyokuwa imeipima kuanzia 2005. Kati ya 13 mikongwe zaidi, tisa ilikuwa imekufa au mashina yake makongwe yameanguka. Kati ya sita minene zaidi, mitano ilikuwa katika hali hiyo. Panke ulibomoka mwaka 2010 na 2011. Mbuyu wa Chapman wa Botswana, uliowahi kuwa alama ya njia kwa wasafiri wa karne ya 19, ulianguka Januari 2016. Sunland ulianza kupasuka mwaka huo huo. Hapakuwa na dalili za ugonjwa. Watafiti walishuku mabadiliko ya tabianchi, joto na ukame wa kusini mwa Afrika, lakini walisema wenyewe kwamba uthibitisho zaidi unahitajika. Wengine wanaoijua mibuyu vizuri wamejibu kwamba mibuyu kwa ujumla haijaanza kutoweka, na kwamba mti ulioangusha shina moja kati ya sita si mti uliokufa. Hapo tena linarudi swali la mmoja au kundi.

Huku kwetu adui anaonekana kwa macho. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya Kilifi iling'olewa kwa mashine ili isafirishwe nzima hadi bustani moja nchini Georgia, kando ya Bahari Nyeusi. Kelele zilipopigwa, Rais William Ruto aliagiza uchunguzi. Mti uliokaa sehemu moja kwa karne kadhaa ulikuwa umelazwa chali kando ya barabara, matawi yamekatwa, ukisubiri meli.

Kuvumwani huuawa kimyakimya zaidi. Mwaka 1866 William Nylander, akichunguza Bustani ya Luxembourg mjini Paris, aliona kwamba kuvumwani zimeshamiri pale wakati sehemu nyingine za jiji hazina, akaandika kuwa zinapima usafi wa hewa. Moshi wa makaa ya mawe ndio uliokuwa ukiziua. Mlimani, theluji ikikaa muda mrefu mno huziua pia, na vivyo hivyo mtalii anayekwaruza jina lake juu ya jiwe: anafuta kwa dakika mbili kilichochukua miaka mia tatu kuota.

Kama kwenu kuna mbuyu mkubwa, upimeni. Futikamba ipite kuzunguka shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, ikifuata umbo bila kulegea. Hesabuni pia mashina yanayoonekana kuungana. Andikeni mzunguko, mwezi na mwaka, pigeni picha mtu akiwa amesimama kando, na nakala moja ipelekwe ofisi ya misitu ya wilaya. Mwaka ujao rudieni mwezi ule ule, kwa sababu shina la mbuyu huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na kipimo cha Aprili hakilingani na cha Septemba.